Kwa nini watu wa Newcastle walijenga daraja linalozunguka, badala ya kulijenga juu zaidi?

Mgeni wa Kaskazini:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimekuja Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwa ajili ya masomo, na chumba nilichopanga kiko ng'ambo ya mto Tyne, upande wa Gateshead, hivyo kila asubuhi navuka mto kwa miguu. Mahali hapo madaraja yamesongamana ajabu. Lipo la chuma lenye tao kubwa la kijani, lililofunguliwa mwaka 1928. Lipo jingine refu la ngazi mbili, treni juu na magari chini, ambalo ni la mwaka 1849. Katikati ya hayo mawili, chini kabisa, karibu na uso wa maji, limelala daraja dogo la rangi nyekundu na nyeupe lenye kibanda mgongoni mithili ya mnara mdogo wa taa. Hilo ndilo ninalopita mimi. Wenyeji huliita Swing Bridge, na wananiambia kwamba lote huzunguka juu ya nguzo yake ya kati mpaka likalala sambamba na mkondo, ili meli zipite kushoto na kulia kwake.

Nimekaa hapa zaidi ya mwaka mmoja na sijaliona likizunguka hata mara moja. Maswali yangu ni haya. Kwanza, ikiwa mwaka 1849 walikwisha kuweza kujenga daraja la juu ambalo meli hupita chini yake, kulikuwa na haja gani ya kujenga la chini mwaka 1876 na kisha kuhangaika kuliondoa njiani? Pili, mwanafunzi mwenzangu ameniambia kwamba lilijengwa na tajiri mmoja mtengeneza mizinga kwa fedha zake mwenyewe ili kufungulia njia meli zake. Je, ni kweli? Tatu, zama zile umeme haujaenea, ni nguvu gani iliyolizungusha chuma kizito namna ile? Na lile jukwaa refu la mbao lililosimama katikati ya mto, juu na chini ya daraja, ni la kazi gani? Mwanzoni nilidhani ni gati lililotelekezwa.

Mwalimu Mstaafu:

Mwanangu, swali lako la kwanza linajibiwa na miguu yako kabla ya kitabu. Siku moja toka gatini, panda ngazi mpaka usawa wa lile daraja la treni, halafu utazame ulikotoka. Newcastle na Gateshead zinatazamana kutoka pande mbili za korongo. Daraja la mwaka 1849, ambalo Robert Stephenson alilisanifu kwa ajili ya reli, linaunganisha ukingo wa juu wa korongo na ukingo wa juu wa pili. Kwa abiria wa treni hilo ni jambo jema sana, lakini kwa mtu mwenye mkokoteni na farasi wake, anayechukua mzigo kwenye gati la Newcastle ili aufikishe kwenye ghala la Gateshead lililoko usawa uleule wa maji, lilimaanisha kupanda mlima, kulipa ushuru wa kuvuka, kisha kushuka mlima mwingine. Ushuru huo, usidhani ulikuwa wa siku chache, kwa maana uliondolewa mwaka 1937. Kwa hiyo daraja la chini halikuacha kuhitajika hata siku moja baada ya lile la juu kufunguliwa.

Na daraja la chini mahali hapo ni la kale kuliko mji wenyewe. Warumi walijenga lao wakati wa mfalme Hadrian, kwenye miaka ya 120, wakaliita Pons Aelius kwa jina la ukoo wake. Mafundi wa karne ya 19 walipokuwa wakichimba kitako cha mto kwa ajili ya daraja unalolipita, walikuta mabaki ya madaraja yaliyotangulia, na mwaka 1875 ikaopolewa majini madhabahu ya Kirumi iliyowekwa wakfu kwa Neptuni, mungu wao wa maji. Baada ya Warumi likaja daraja la mawe la zama za kati, lenye nyumba na maduka juu yake, ambalo lilidumu mpaka usiku wa tarehe 17 Novemba 1771. Usiku huo Tyne ilifurika kwa namna ambayo haijasahaulika mpaka leo: madaraja ya mto huo yalibomolewa moja baada ya jingine, likasalia la Corbridge peke yake. Watu waliokuwa wamelala katika nyumba za darajani walikwenda na maji.

Daraja lililojengwa badala yake, likakamilika mwaka 1781, lilikuwa la mawe pia, la matao tisa, na hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia. Matao yale yalikuwa mafupi mno kwa meli ya kawaida. Sehemu ya mto iliyoko juu ya daraja ikawa ni ya mashua peke yake: makaa ya mawe yaliyochimbwa huko juu yalipakiwa katika mashua pana zenye kina kifupi, wapiga makasia wakayashusha chini ya matao, na kuyahamishia kwa sepetu ndani ya meli zilizokuwa zikisubiri upande wa baharini. Maelfu ya familia ziliishi kwa kazi hiyo. Unaweza kusema kwamba daraja la mawe lilikuwa mlango uliofungwa, na wapagazi wa mlangoni walikula kwa sababu umefungwa.

Sasa ingiza mtu mmoja katika picha hiyo. William Armstrong, aliyezaliwa Newcastle mwaka 1810, alikuwa wakili aliyependa mitambo kuliko kesi. Mwaka 1847 aliacha uwakili na kufungua kiwanda Elswick, kilomita chache juu ya daraja, akaanza na kreni zinazoendeshwa kwa nguvu ya maji kisha akaingia katika mizinga. Kiwanda kilipokua, kila kitu kizito kilichotoka humo kilikutana na matao yaleyale ya mwaka 1781. Likavunjwa, na mahali pake likajengwa hili, mashine zake zikitoka Elswick kwenyewe. Barabara ilifunguliwa tarehe 15 Juni 1876. Meli ya kwanza kupita ilikuwa Europa ya Italia, tarehe 17 Julai mwaka huohuo, nayo ilikuwa ikipanda kwenda Elswick kuchukua mzinga wa tani 100 kwa ajili ya jeshi la majini la Italia. Mimi naona jambo hilo peke yake linatosha kutuambia daraja lilijengwa kwa ajili ya nani.

Fundi wa Bandari:

Nawasalimu nyote kutoka Mombasa. Historia namwachia Mwalimu. Mimi nimezeeka kwenye mitambo ya kunyanyulia mizigo, basi niruhusiwe kujibu lile la nguvu.

Kila aliyewahi kubadilisha gurudumu la lori kwa jeki ya mafuta amekwisha kulielewa daraja hili kwa nusu. Ukisukuma kimiminiko katika bomba jembamba, nguvu ndogo ya mkono inatokea upande wa pili katika pistoni pana ikiwa kubwa kiasi cha kuinua lori. Armstrong alitumia kanuni hiyohiyo, isipokuwa kimiminiko chake kilikuwa maji. Tatizo lake la mwanzo lilikuwa kupata maji yenye msukumo wa kutosha na yanayopatikana papo hapo yakihitajika. Njia ya kwanza ilikuwa kujenga mnara mrefu na kuweka tangi kileleni. Grimsby bado wanao mmoja wa mwaka 1852, urefu wake zaidi ya mita 90. Lakini alipotakiwa kuweka kreni New Holland, kando ya mto Humber, udongo wa pale haukuweza kubeba mnara wa namna hiyo. Ndipo alipobuni kitu ambacho, kwa maoni yangu, kina akili zaidi kuliko mizinga yake yote: silinda iliyosimama wima, ndani yake pistoni, na juu ya pistoni shehena nzito ya chuma na kokoto. Pampu ndogo huingiza maji polepole na kuipandisha shehena ile. Inapofika juu, hukaa pale ikingoja, na ukifungua vali, uzito wote unayasukuma maji kwa kishindo kuelekea kwenye mashine. Ni kama mtu anayeweka senti kwenye kibubu mwezi mzima ili atumie zote siku ya harusi. Wahandisi huiita akumuleta.

Hilo ndilo linaloliwezesha daraja la Newcastle. Mitambo imefichwa ndani ya nguzo ya kati, na akumuleta zimezamishwa katika shimo lenye kina cha mita 18 hivi, kwa hiyo mpita njia haoni kitu. Sehemu inayozunguka ina urefu wa mita 85 na ushei, na imesawazishwa katikati kama mizani, mkono mmoja sawa na wa pili. Linapotaka kuzungushwa, maji yenye msukumo huingia kwanza chini ya kitovu chake na kuubeba uzito mwingi, ili rola za chuma zilizopangwa kwa duara zisibanwe mno. Baada ya hapo injini za maji hugeuza meno yanayong'ata duara kubwa, na daraja linaanza kusogea. Mwendeshaji hukaa ndani ya kile kibanda ulichokifananisha na mnara wa taa, kwa sababu kutoka pale anaona meli inayopanda, meli inayoshuka na magari ya pande zote mbili.

Hapo zamani pampu ziliendeshwa kwa mvuke. Mwaka 1959 ziliwekwa za umeme, lakini kazi ya kuzungusha imebaki kuwa ya maji na ya mashine zilezile za Elswick. Linganisha na Tower Bridge ya London, iliyofunguliwa mwaka 1894 na ambayo mitambo yake ya maji ilitengenezwa na kampuni hiyohiyo ya Armstrong: kule walibadili kuwa mafuta na umeme katika miaka ya 1970, na mashine za kale zimebaki za kutazamwa na watalii.

Kuhusu jukwaa la mbao: si gati. Daraja likifunguka linalala juu ya mto kwa urefu wake wote, mita arobaini na kitu kila upande wa nguzo, na pande zote mbili meli zinapita katika mlango usiofika mita 32. Nahodha akikosea kidogo, au maji ya kupwa yakimvuta, pua ya meli itaingia ubavuni mwa daraja. Jukwaa lile ni kikinga. Meli huparuza mbao, mbao hubadilishwa, daraja linabaki salama. Hapa kwetu, daraja la miguu la Liwatoni, lililofunguliwa mapema mwaka 2021, hufungua kipande chake cha kati ili meli zipite, ingawa lenyewe huelea na halina nguzo ya kuzungukia, na hofu ni ileile: chombo kizito kupita karibu na kitu kisichoweza kukwepa.

Msoma Ramani:

Nimesoma kwa furaha, ila naomba kumpinga Mwalimu mahali pamoja, kwa heshima zote.

Hadithi kwamba Armstrong alijijengea daraja imeenea sana, na mwanafunzi mwenzake Mgeni si wa kwanza kuisimulia. Daraja lilijengwa na Tume ya Uboreshaji wa Tyne, chombo cha umma kilichoundwa mwaka 1850 baada ya malalamiko ya miaka mingi kwamba halmashauri ya Newcastle ilikuwa ikitoza ushuru wa meli zote mtoni na kuuacha mto wenyewe ujae mchanga. Gharama, takriban pauni 240,000, ilikuwa ya Tume. Armstrong alikuwa mkandarasi wa mitambo, na alikuwa pia mnufaikaji mkubwa, sikatai. Lakini kampuni kuuza mashine ni jambo moja, na kumiliki daraja ni jambo jingine.

Ukilitazama daraja peke yake, utadhani ni la Elswick. Ukiutazama mto mzima, utaona kwamba lilikuwa kipande kimoja cha kazi kubwa zaidi. Mhandisi wa Tume, John Ure, alikuwa tangu mwisho wa miaka ya 1850 akichimba kitako cha mto kutoka mdomoni kupanda juu. Kisiwa kizima cha King's Meadows, kilichokuwa katikati ya mto mbele ya Elswick, kiliondolewa kwa mashine za kuchimbia, na leo huwezi kukionyesha mahali kilipokuwa. Ingekuwa kichekesho kuchimba kilomita za mto kwa ajili ya meli kubwa, kisha kuacha matao tisa ya mawe yakizuia katikati. Migodi ya makaa iliyoko juu ya daraja nayo ilikuwa ikidai njia, na daraja lilipofunguka ndipo meli za makaa zilipoweza kupanda kwenda kupakia zenyewe. Hapo wapiga makasia ambao Mwalimu amewataja walipoteza sehemu iliyosalia ya riziki yao. Watu husimulia daraja hili kwa kutaja mizinga, na wale walioishi kwa kasia hawatajwi kabisa.

Mwaka 1924, ambao huhesabiwa kuwa kilele chake, lilizungushwa mara 6,000 hivi. Hizo ni wastani wa mara kumi na sita kwa siku. Manowari zilikuwa chache mno katika hesabu hiyo. Nyingi zilikuwa meli za kawaida za mizigo ambazo hakuna aliyezipiga picha.

Mwalimu Mstaafu:

Nimekubali la umiliki, na nashukuru kwa kunisahihisha. Niliandika kana kwamba anayepita mlangoni wa kwanza ndiye mwenye nyumba.

Hata hivyo sitaziacha manowari zipite kimyakimya, kwa kuwa bila daraja hilo historia ya bahari ya mbali ingesomeka kwa namna nyingine. Armstrong alifungua karakana ya kuunda meli palepale Elswick mwaka 1884, jambo ambalo lisingewezekana kama mto ungeendelea kufungwa. Kutoka hapo zilishuka meli za Uingereza, Chile, Japani na mataifa mengine. Asama, Tokiwa, Izumo na Iwate, zilizopigana upande wa Japani katika vita vya Tsushima mwaka 1905, zote ziliundwa Elswick, na kila moja ilipita kwenye mlango ambao Mgeni anaupita kwa miguu akiwa na begi la vitabu.

Na mlango huohuo ndio uliokuja kuihamisha karakana. Meli ziliendelea kunenepa na nguzo za daraja hazikusogea. Meli iliyoagizwa na Brazil kwa jina la Rio de Janeiro, ikauzwa kwa Waosmani ingali haijakamilika, kisha ikachukuliwa na serikali ya Uingereza mwezi Agosti 1914 na kuitwa Agincourt, ilikuwa na urefu wa mita 204 na upana wa mita 27. Fundi amesema mlango haufiki mita 32. Toa upana wa meli, gawanya kinachobaki kwa pande mbili, na utaona ni nafasi gani aliyokuwa nayo rubani, kwenye mto wenye maji kupwa na kujaa, akishusha chombo kisichojiendesha bado. Na kabla ya kulifikia daraja la chini, meli inayoshuka kutoka Elswick hupita chini ya lile la Stephenson, ambalo nalo linapangia milingoti kimo. Kampuni ilifungua karakana mpya Walker, chini ya madaraja yote, kabla ya vita vya kwanza vya dunia, na manowari kubwa zikaanza kuundwa huko.

Mgeni wa Kaskazini:

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Jumamosi nilipanda kwenye njia ya waenda kwa miguu ya daraja la juu kama nilivyoelekezwa, nikalitazama la chini kutoka kule. Ni kweli kwamba jukwaa la mbao lina urefu wa daraja lenyewe, kana kwamba kivuli cha daraja lililofunguka kimeachwa majini. Mbao za pembeni zimeliwa na kuparuzwa, nyingine zimeota majani.

Limebaki swali moja dogo. Kama meli haziendi tena Elswick, kwa nini lisikazwe likawa daraja la kawaida?

Msoma Ramani:

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni jengo la kihistoria linalolindwa kisheria, na mitambo ni sehemu ya kinacholindwa, si mapambo ya pembeni. Ya pili ni kwamba mto wa juu bado ni njia ya vyombo kwa mujibu wa sheria. Mamlaka ya bandari, iliyorithi kazi za Tume mwaka 1968, haiwezi kuufunga kwa sababu tu hakuna meli iliyobisha hodi wiki hii. Hata daraja jipya la waenda kwa miguu lililofunguliwa mwaka 2001, lile la upinde uliolala ambalo huinuka kama kope la jicho, lilibidi lisanifiwe la kusogea kwa sababu hiyohiyo. Ukitaka kuona daraja likijiondoa njiani, nenda kalitazame hilo. Muda wa kuinuliwa kwake hutangazwa.

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba, mwanangu. Na ukienda, tembea mpaka Elswick kwa njia ya ukingoni, utafute palipokuwa na kiwanda. Hutakuta kreni wala moshi. Ila ukisimama pale na kutazama upana wa mto, kumbuka kwamba mbele yako kulikuwa na kisiwa.